Kinda Kapewa Jembe, au Bado Yuko Mkekani?

Asanteni sana. Kaeni tu, chai itawafuata hapo hapo mlipo. Nimepewa dakika ishirini kabla drafti ya ligi yetu ya fantasi haijaanza, ile ya kugawana wachezaji halisi wa NFL, ligi ya mpira wa Marekani, na kuhesabu pointi kwa wanachofanya uwanjani, na mada ni ile ile niliyoileta mwaka jana na mwaka juzi: huyu mkimbiaji kinda, yaani mbeba mpira wa msimu wa kwanza, katoka chuo juzi, hajapigwa hata kumbo moja la ligi kubwa, tumchague raundi ya ngapi? Nairudia kwa sababu kila Agosti naona watu wazima, watu wanaopanga bajeti ya nyumba hadi senti ya mwisho, wanatoa chaguo lao la kwanza kwa video ya dakika tatu.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sina kipimo kingine. Kinda ni mgeni. Timu inampokea, inampiga picha na jezi, kocha anamsifu mbele ya kamera, anatandikiwa mkeka na kuletewa maji ya kunawa. Hayo yote hayana pointi. Swali ni moja: jembe kapewa? Na kwa mkimbiaji majembe ni mawili. La kwanza ni dauni ya tatu, jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, pale kwotabeki, mrusha mpira wa timu, anapotaka kurusha na uwanja mzima unajua. La pili ni zile yadi tatu za mwisho kabla ya mstari wa goli. Kinda anayetolewa nje nyakati hizo mbili bado yuko mkekani, hata akiwa ndiye anayeanza mechi.

Nianze na Clyde Edwards-Helaire, na kwake nitakaa sana, mnivumilie.

Mwaka 2020. Mnaukumbuka, drafti tuliifanya kwa simu, kila mtu kajifungia kwake. Chiefs, timu ya Kansas City, wametoka kubeba kombe Februari. Aprili, kwenye drafti ya NFL yenyewe ambapo timu zinachagua vijana wa vyuo, wakatumia chaguo la 32, la mwisho la raundi ya kwanza, kumchukua mkimbiaji huyu wa chuo cha LSU, na hakuna mkimbiaji mwingine aliyechukuliwa raundi ile. Chuoni alikuwa amedaka mipira 55 kwa msimu mmoja. Ikaelezwa kwamba Patrick Mahomes mwenyewe, kwotabeki wao, aliulizwa anamtaka nani, akamtaja yeye. Halafu mwishoni mwa Julai Damien Williams, mkimbiaji wao aliyefunga tachidauni mbili, yaani kuvusha mpira mstari wa goli, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, akajitoa msimu mzima wakati wa Uviko. Basi hapo bei ikapanda kama sukari kuelekea Ramadhani. Leo raundi ya tatu, kesho ya pili, wiki ijayo ya kwanza. Kwenye ligi yetu mdogo wetu mmoja, yuko hapa na amenipa ruhusa nisimulie, alimchukua wa sita kwa jumla. Wa sita! Mbele ya watu waliokwisha kulima miaka mitatu, minne, kila mtu akiwaona.

Alhamisi tarehe 10 Septemba, mechi ya kufungua msimu, Chiefs na Texans wetu. Simu yangu haikutulia usiku ule. Kinda kabeba mpira mara 25, yadi 138, tachidauni moja. Hesabuni wenyewe, pointi moja kwa kila yadi kumi na sita kwa tachidauni: 13.8 na 6, pointi 19.8. Mdogo wetu akaandika kwenye kundi, "Mzee, uko wapi?" Nikamjibu nipo, nitaiangalia mechi upya kisha nitasema.

Na niliiangalia, Jumamosi asubuhi, daftari mapajani, nikachora safu mbili. Ya kwanza: kila Chiefs wanapokaribia mstari, naandika kinda yumo au hayumo, kavuka au hakuvuka. Alikuwemo, hilo siwezi kumnyima. Alipewa mpira pale mara kadhaa. Anaingia katikati, anakutana na lundo la watu, anazama hapo hapo. Tachidauni yake ilikuwa ya yadi 27, mbali, uwanja ukiwa wazi. Karibu na mstari, hakuna kitu. Safu ya pili niliandika mipira aliyodaka. Ilibaki nyeupe mpaka mechi ikaisha. Mtu aliyedaka 55 chuoni, mtu tuliyemnunua kwa sababu anadaka, amemaliza usiku ambao nchi nzima inamsifu bila kudaka hata mmoja. Nikamwandikia mdogo wangu: muuze leo, kabla ya mechi za kesho, atapata bei ambayo hataipata tena. Hakuuza.

Oktoba alikimbia yadi 161 kule Buffalo na nikaambiwa tena, unaona? Lakini siku chache kabla ya mechi hiyo timu ilikuwa imeshamsajili Le'Veon Bell, mkimbiaji mzoefu. Hapo ndipo ninapotaka kila mmoja wenu asimame na kufikiri. Mwenye shamba aliyeridhika na mgeni wake haendi kutafuta kibarua mwingine katikati ya masika. Msimu ukaisha: mechi 13, yadi 803 za kukimbia, tachidauni nne za kukimbia. Nne, kwenye timu ya Mahomes, timu iliyorudi Super Bowl msimu ule ule. Mabao yalikuwepo tele. Yeye hakuwa ndiye anayeitwa kuyafunga.

Sasa chukueni Jonathan Taylor, mwaka huo huo, chaguo la 41, Colts. Mwanzoni alitakiwa agawane kazi na mkimbiaji mwenzake, Marlon Mack. Mechi ya kwanza tu Mack akachanika kano ya kisigino, jembe likaanguka miguuni pa mgeni. Hakuanza kwa kishindo, na katikati ya msimu kuna wiki watu walimweka benchi, mimi nawajua kwa majina. Akamaliza na yadi 1,169 na tachidauni 11 za kukimbia. Na hapa nisikilizeni vizuri: wote wawili, Taylor na Edwards-Helaire, walidaka mipira 36 msimu ule. Sawasawa. Tofauti ya tachidauni 11 na nne ni pointi 42, na imetoka kwenye jembe la pili, mstarini. Kisha mechi ya mwisho ya msimu Taylor akakimbia yadi 253 dhidi ya Jaguars, na ligi nyingi za fantasi zilikuwa zimeshafunga hesabu wiki moja kabla. Yaliniuma hayo, nilikuwa naye.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mzee, kipaji je? Kijana mwenye kipaji hawezi kukaa mkekani muda mrefu. Nami namuuliza, Trent Richardson unamkumbuka? Browns walimchukua wa tatu kwa jumla mwaka 2012. Leo jina lake linatajwa kama mfano wa aliyeshindwa. Septemba ya mwaka uliofuata walishampeleka Colts wakapewa chaguo la raundi ya kwanza, na huko msimu ule wastani wake haukufika yadi 3 kwa kila mbio. Haya, turudi mwaka wake wa kwanza. Wastani wa yadi 3.6, wastani wa kusikitisha, ukiutazama peke yake ungemkimbia. Lakini alibeba mpira mara 267 kwa mechi 15, akapata yadi 950, tachidauni 11 za kukimbia na moja ya kudaka, akadaka mipira 51. Kwenye ligi ya pointi moja kwa kila mpira uliodakwa, hizo ni zaidi ya pointi 250. Edwards-Helaire, aliyekuwa anakimbia vizuri kuliko yeye na kwenye timu bora mara kumi, alipata kama 176. Mwaka wa kwanza fantasi haimuulizi mtu kama ni hodari. Inamuuliza amelima ekari ngapi.

Na kwa kuwa nimeitaja Colts: ndiyo hao hao waliomsajili Daniel Adongo, Mkenya wetu wa raga, Julai 2013, miezi michache kabla ya kumchukua Richardson. Adongo hakuwa mkimbiaji, alikuwa upande wa ulinzi, lakini njia yake inafundisha. Walimweka kwenye kikosi cha mazoezi, wakamwangalia miezi, Desemba ndipo akapandishwa na kuingia uwanjani. Kocha hampi mgeni jembe kwa sababu ana mwili mzuri.

Kwa nini dauni ya tatu ni ngumu hivyo? Watu wanadhani ni kudaka. Siyo. Ni kulinda. Mfikirieni kijana wa miaka 21. Amesimama pembeni mwa kwotabeki, mpira haujaanza. Mbele yake kuna watu kumi na mmoja na mmoja wao, mwenye kilo mia na kitu, anajifanya anarudi nyuma. Mpira ukianza yule anakuja mbio kupitia pengo la kushoto, na kijana ana muda wa kupepesa jicho tu kujua kwamba huyu ndiye wa kwangu, kugeuka, kushusha nyonga na kuweka kifua. Akitazama kulia badala ya kushoto, kwotabeki amevunjwa. Mahomes alisaini mkataba wa miaka kumi Julai ile ile ya 2020, wa mamia ya milioni za dola. Wewe ungekuwa kocha, ungemwachia mgeni wa wiki sita amlinde? Chuoni wengi hawakufundishwa kazi hii, walifundishwa kukimbia. Kwa hiyo mechi za maandalizi zikianza, acheni kutazama mbio. Kwenye dauni ya tatu na yadi nane, mtazame kinda wakati mpira hauko kwake. Akiwa yumo na kifua kimekaa, pandisha raundi. Akiwa amekaa benchi na chupa ya maji, shusha, na usinitajie video.

Aliyepewa majembe yote mawili siku ya kwanza ni Saquon Barkley, 2018. Tufanye hesabu yake polepole, maana ndiyo darasa lenyewe. Kukimbia: yadi 1,307, yaani pointi 130.7, na tachidauni 11, pointi 66. Jumla 196.7. Kudaka: mipira 91, pointi 91, yadi 721, pointi 72.1, tachidauni nne, pointi 24. Jumla 187.1. Mnaona? Karibu nusu kwa nusu. Mkifuta mikono yake mnabaki na mkimbiaji mzuri tu, wa kawaida. Na Giants msimu ule walishinda mechi tano wakapoteza 11. Kwa hiyo yule anayeniambia kila mwaka kwamba hachukui kinda wa timu mbovu, jibu lake ndilo hilo. Timu mbovu iko nyuma kila wiki, ikiwa nyuma inarusha, na ikirusha inamhitaji mtu wa kumpa mpira mfupi. Muhimu ni kwamba huyo mtu awe kinda wako.

Muda unakwenda, naona mama mwenye nyumba ananionyesha saa. Nikimbie.

Wanaogawana kazi. Mwaka 2023 Lions walimchukua Jahmyr Gibbs wa 12 kwa jumla huku wameshamsajili mkimbiaji mwingine, David Montgomery. Mechi ya kwanza Gibbs alibeba mara saba tu. Watu wakamwachia kwa bei ya bure. Montgomery akaumia Oktoba, Gibbs akakimbia yadi 152 dhidi ya Raiders, na Montgomery aliporudi mtoto alikuwa ameshapata jembe lake. Akamaliza na tachidauni 10 za kukimbia, Montgomery 13. Kwa hiyo kinda wa raundi ya kwanza wa kweli usimwachie Septemba. Mnunue Septemba, kwa aliyekata tamaa.

Ambao hawakuchaguliwa kabisa. James Robinson, 2020, Illinois State, hakuna timu iliyomchagua. Jaguars wakamwachia mkimbiaji wao Leonard Fournette siku ya mwisho ya Agosti, na Robinson akapata yadi 1,070. Ndiyo maana nawasihi drafti tuifanye karibu kabisa na mechi ya kwanza. Waliochagua katikati ya Agosti mwaka ule hawakuwa na hata jina lake.

Ukuta wa mbele, wale wanaomfungulia mkimbiaji njia, nilitaka nizungumze kirefu kuhusu Ezekiel Elliott na Dallas ya 2016, Tyron Smith, Travis Frederick, Zack Martin, yadi 1,631 za kinda akiongoza ligi nzima. Hiyo tutaiacha mpaka mwakani. Na suala la kinda aliyechoshwa na mbio nyingi chuoni nalo pia, naona nimeshindwa na saa.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu niliulizwa mlangoni na kijana mmoja kama huu mchezo si kamari. Ligi yetu haina senti hata moja tangu ianze. Anayeshika mkia anapika pilau siku ya fainali, na wote tunakula.

Haya. Kwenye karatasi zenu mna majina ya wakimbiaji makinda wa mwaka huu. Pembeni mwa kila jina chora safu mbili, dauni ya tatu na mstari. Kama hujamwona kwa macho yako akifanya kazi hiyo, acha wazi, usijaze kwa kusikia. Namba ziko kwenye kofia ya baba Aisha. Mwenye safu zote mbili wazi na bado anataka kumchukua raundi ya kwanza, aje kwangu kwanza kabla hajachota.