Mjumbe Aliyeuza Risasi: Kanada na Vita vya Vietnam

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Na nyote mnaotusikiliza, karibuni.

MPWA: Wiki iliyopita uliniagiza nisome habari za Kanada wakati wa vita vya Vietnam. Nimesoma, shangazi, na leo tutabishana.

SHANGAZI: Ndiyo maana nilikuagiza. Haya, sema.

MPWA: Naona Kanada ilifanya kadiri ya uwezo wake. Nchi ya watu milioni 20 hivi, pua kwa pua na Marekani. Australia ilipeleka askari, Korea Kusini ikapeleka, New Zealand pia. Kanada haikupeleka kikosi cha kupigana. Hilo si dogo.

SHANGAZI: Si dogo, nakubali. Lakini uliangalia walikuwa wamekalia kiti gani?

MPWA: Kile cha Geneva?

SHANGAZI: Ndicho. Mwaka 1954 Wafaransa waliposhindwa, mkutano wa Geneva uliigawa Vietnam sehemu mbili, Kaskazini ya Wakomunisti na Kusini iliyoungwa mkono na Marekani, na kuunda tume ya kusimamia usitishaji mapigano. Nchi tatu: India, Poland na Kanada. India asiyefungamana na upande, Poland kwa upande wa Wakomunisti, Kanada kwa upande wa Magharibi. Kazi yao mojawapo ilikuwa kuangalia silaha mpya zisiingizwe kinyume cha makubaliano. Kanada alikuwa mwamuzi, mwanangu. Lishike hilo, nitalirudia.

MPWA: Sawa, lakini kiti hichohicho ndicho kilichowafungulia mlango wa Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini. Juni 1964, mkuu wa Wakanada katika tume, Blair Seaborn, alikwenda kuonana na waziri mkuu wa Kaskazini, Pham Van Dong. Mmarekani asingeweza kuingia pale. Mkanada aliweza. Nchi ya kati faida yake si hiyo? Kupita mahali ambapo wakubwa hawapiti?

SHANGAZI: Na mkononi alibeba nini?

MPWA: Ujumbe wa Washington.

SHANGAZI: Unasemaje?

MPWA: Kwamba mkiacha kuwasaidia wapiganaji wanaoipinga serikali ya Kusini, kuna misaada na biashara. Mkiendelea, mtapigwa vibaya.

SHANGAZI: Basi. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na Seaborn hawakumgusa. Walimpokea kwa heshima akarudi tena Agosti, baada ya tukio la Ghuba ya Tonkin, pale Marekani ilipodai meli zake zimeshambuliwa na Kaskazini. Simlaumu yeye, alitumwa. Nailaumu serikali iliyokubali mwamuzi wake abebe vitisho vya upande mmoja, wananchi wake wasijue. Watu walikuja kuelewa mwaka 1971, zile Nyaraka za Pentagon, ripoti ya siri ya wizara ya ulinzi ya Marekani kuhusu vita, zilipovuja magazetini.

MPWA: Siri ndiyo kazi ya diplomasia, shangazi. Aliyepaza sauti yalimkuta yapi? Simulia ile ya Pearson, waziri mkuu wa Kanada, wewe unaisimulia vizuri kuliko mimi.

SHANGAZI: Lester Pearson. Huyu hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka 1956, Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri pamoja na Israel kwa ajili ya mfereji wa Suez, yeye akiwa waziri wa mambo ya nje alisukuma wazo la jeshi la Umoja wa Mataifa liende kusimama katikati. Mwaka uliofuata akapewa Nobeli ya Amani. Kwa hiyo anapokuwa waziri mkuu, neno lake lina uzito. Sasa, Machi 1965 Marekani inaanza kuipiga Vietnam Kaskazini kwa mabomu mfululizo. Tarehe 2 Aprili Pearson yuko Philadelphia, hukohuko Marekani, Chuo Kikuu cha Temple, anapewa tuzo ya amani. Waziri wake wa mambo ya nje, Paul Martin, alikuwa ameshampinga vikali asiseme. Yeye akasema. Na alisema kwa upole mno! Aliisifu nia ya Marekani, kisha akapendekeza mabomu yasimamishwe kwa muda, huenda Hanoi ikapata nafasi ya kulegeza msimamo bila kuonekana imepigishwa magoti. Hakudai zaidi ya hapo.

MPWA: Na kesho yake ameitwa chakula cha mchana Camp David, makazi ya mapumziko ya rais wa Marekani.

SHANGAZI: Kwa Rais Johnson. Walipotoka nje kwenye baraza, Johnson akamfokea kwa muda mrefu, na balozi wa Kanada mjini Washington, Charles Ritchie, aliyekuwepo, amesimulia jinsi rais alivyomkamata Pearson ukosi wa koti. Waziri mkuu wa nchi huru! Kila nikifika hapo moyo unanichoma. Kosa lake ni kusema, katika nchi ya mwenyeji, neno ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona.

MPWA: Unaona sasa? Sauti ya hadharani ilimfungia mlango. Johnson hakumwamini tena kama zamani. Na kumbuka, Januari ya mwaka uleule wawili hao walikuwa wametia saini mkataba wa magari kule kwenye shamba la Johnson, Texas. Viwanda vya Ontario vilikuwa vinautegemea. Angekuwa na ujasiri gani zaidi?

SHANGAZI: Mwezi wa Mei Johnson mwenyewe alisimamisha mabomu kwa siku chache. Kwa hiyo lile neno halikuwa la kipuuzi. Lakini hoja yangu haiko Philadelphia. Iko viwandani.

MPWA: Silaha.

SHANGAZI: Tangu 1959 Kanada na Marekani zilikuwa na makubaliano ya kugawana utengenezaji wa zana za kijeshi. Vita vilipopamba moto, oda zikamiminika: risasi, baruti, vipuri vya ndege, viatu na kofia za askari. Zana za vita peke yake zilifika takriban dola bilioni 2.5 kati ya 1965 na 1973. Mwaka 1967 walimu wa Chuo Kikuu cha Toronto walimwandikia Pearson wakitaka mauzo yakome. Aliwajibu kwamba kuyakata kungeleta madhara makubwa kwa uchumi na ulinzi wa nchi. Na huku Wakanada wenzake wa ile tume wako Saigon, mji mkuu wa Kusini, wanaandika ripoti za nani ameingiza silaha!

MPWA: Hapo, shangazi, sina cha kuwatetea. Lakini niambie, ni nchi gani ndogo imewahi kumkatalia mkubwa ikakubali hasara?

SHANGAZI: Unaishi ndani yake. Desemba 1965, miezi minane tu baada ya Camp David, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wa kizungu walijitangazia uhuru na Uingereza haikuwazuia. Tulikuwa tumeahidiwa mkopo wa pauni milioni 7.5. Ukazuiwa. Nchi haina barabara, haina madaktari, na fedha zile tulizihitaji kweli. Na unajua wakati huo jeshi letu lilikuwa linafundishwa na nani?

MPWA: Wakanada.

SHANGAZI: Kuanzia 1965 hadi 1970. Baada ya maasi ya wanajeshi wetu ya Januari 1964 tulihitaji walimu wa kijeshi wasio na harufu ya ukoloni, na Kanada ilikuwa nayo sifa hiyo. Ndiyo maana naumia. Sifa ile ilikuwa mali, wangeweza kuitumia Vietnam, nao wakaiacha iliwe na oda za viwanda.

MPWA: Lakini usiwasahau wananchi. Vijana wa Kimarekani waliokimbia kuandikishwa jeshini kwa lazima walipokelewa kwa maelfu, na Mei 1969 mlango ukafunguliwa hata kwa watoro wa jeshi. Halafu 1979 na 1980 wakachukua wakimbizi wapatao 60,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia. Makanisa na majirani walichangishana kuzidhamini familia wasizozijua.

SHANGAZI: Hilo nalivulia kilemba. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa uliwapa Wakanada nishani ya Nansen kwa kazi hiyo, watu wenyewe, si serikali. Lilikuwa haki yao.

MPWA: Kuna jambo moja nililikuta nikashindwa kulala. Gagetown.

SHANGAZI: Waeleze wasikilizaji.

MPWA: Ni kambi ya jeshi la Kanada, jimbo la New Brunswick. Mwaka 1966 na 1967 Wamarekani walikaribishwa kuijaribu pale ile dawa ya kuua majani waliyokuwa wakiimwaga juu ya misitu ya Vietnam. Ikapuliziwa kwenye vichaka vya Kanada, askari wa Kanada wakiwa kambini. Mwaka 2007 serikali ikatangaza malipo ya dola 20,000 kwa waliougua maradhi yanayohusishwa nayo.

SHANGAZI: Miaka 40.

MPWA: Wengine walikuwa wameshazikwa, shangazi.