Gari Lipimwe Likiwa Bado Gonjwa

(Mhadhara kwa mafundi vijana na madereva, Ndeeba, Kampala)

Wazee wangu, mafundi, madereva, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya magari ya zamani yanayotetemeka na kuzimika ovyo. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, maana nimekisema Katwe, nimekisema Jinja, na nitakisema mpaka mnichoke: gari lipimwe likiwa bado gonjwa. Likishapona lenyewe, unapima nini?

Nasema juu ya Toyota: Corona, Corolla, Carib, Premio za mwanzo, na Hiace zinazopakia abiria pale Old Taxi Park. Tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza nchini gari lenye miaka 15 na zaidi, wapo wanaodhani magari haya yatakwisha. Yaliyokwisha kuingia nani atayatoa? Yataendelea kupeleka watoto shule na kubeba matooke, na ninyi ndio mtakaoyashika. Injini inataka moto wa plagi, mafuta na hewa, na pistoni zibane sawasawa. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Sasa angalieni inavyokuwa. Gari limezimika Jinja Road, kwenye jamu ya jioni. Fundi anakuja na boda. Anafungua boneti, anatikisa nyaya, anasema: distributa hii, inayogawia plagi moto, imekufa. Mwenye gari anatoa pesa, mtu anatumwa mjini, anarudi nayo, inafungwa. Wanapiga ufunguo, gari linawaka! Kila mtu anafurahi, fundi anapewa asante yake. Kesho yake, mahali pale pale, linazimika tena.

Kwa nini liliwaka jana? Kwa sababu limekaa saa nzima boneti ikiwa wazi, limepoa. Hata ungefunga kiatu mahali pa distributa... haya, kwa kiatu lisingewaka. Lakini ungeirudisha ile distributa ya zamani, lingewaka vilevile. Kupoa ndiko kulikoliwasha, na sifa zikaenda kwa kifaa kipya. Fundi huyo hakumwibia mtu. Anaamini kabisa kwamba alitengeneza, na hiyo ndiyo hatari yake, maana wiki ijayo atamfanyia mwingine vilevile kwa moyo mweupe.

Niliwahi kuletewa Corona, hii yenye injini ya 4A-FE. Mwenyewe ni mama anayeuza vitambaa, na alikuja na mfuko wa vifaa vilivyotolewa: pampu ya mafuta, plagi, nyaya za plagi, distributa, hata betri. Akaniambia, "Kila nikibadilisha kitu, linapona siku moja." Nikamwambia mama, acha gari hapa, na ufunguo usiuchomoe. Tukaliacha linaunguruma uwanjani, boneti imefungwa ili joto lisitoke. Vijana wangu wakalalamika kwamba tunachoma petroli bure. Petroli ya saa moja na distributa, ipi ghali?

Likapata moto kabisa, likaanza kutetemeka, moshi mweusi nyuma, likazimika. Basi! Hapo ndipo kazi inaanza, na una dakika chache tu kabla halijapoa. Swali la kwanza: moto upo? Tayari tulikuwa na plagi ya akiba. Tukaivalisha waya, tukaigusisha chuma cha injini, mtu akapiga ufunguo: cheche ya buluu, kali. Basi koili na distributa hazina kesi. Swali la pili: mafuta yapo? Tukafungua plagi mojawapo, nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Mafuta yamezidi, hayajapungua. Pampu nayo haina kesi. Maswali mawili, na nusu ya ule mfuko wa mama tumeshaurudisha mezani.

Sasa nani anaiambia kompyuta ya injini imwage mafuta mengi hivyo? Kuna sensa ya joto la maji: injini ikiwa moto, mita ya umeme isome kama omu 200 hadi 400, ikisoma elfu mbili au tatu, kompyuta itadhani ni asubuhi ya baridi Kabale. Yetu ilisoma 300 na kitu, nzima. Ikabaki sensa ya mvuto wa hewa, ile inayounganishwa na manifoldi, bomba la kugawia silinda hewa, kwa mpira mwembamba. Nikaufuata mpira ule kwa kidole, chini kabisa unapoingia kwenye manifoldi, mahali jicho halifiki. Ulikuwa umepasuka ufa wa urefu wa ukucha. Ukiwa baridi unabana, ukipata joto unalegea na ufa unafunguka. Sensa inaonja hewa ya nje, inadhani dereva amekanyaga mpaka mwisho kupanda mlima, inaomba mafuta ya mlima, na gari limesimama kwenye jamu.

Tuliukata mpira sentimita moja kwa wembe, tukaurudisha. Kifaa hatukununua. Mama yule aliuangalia ule mfuko wake kwa muda mrefu, akauliza kama anaweza kuuza betri.

Najua mtasema: Mzee, taa ya injini si ingewaka? Haikuwaka, wala isingewaka, na hapa vijana wa mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu, wanisikilize. Kompyuta inalalamika waya ukikatika au sensa ikitoa kipimo kisichowezekana. Sensa hii ilikuwa nzima na waya wake mzima. Iliambiwa uongo na mpira, nayo ikaupeleka uongo huo juu kwa uaminifu wote. Kodi ingekuwepo ingekuwa 31, ya sensa hiyo hiyo, na hata hiyo 31 ingewafanya wengi wenu mkimbilie kununua sensa.

Tena msiniambie hamna mashine. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina kiboksi cheusi chini ya boneti, juu ya kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na E1, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Mbili, ikapumzika kidogo, halafu mbili, ni 22, sensa ya joto. 14 ni upande wa moto wa plagi. Waya ule una bei gani?

Halafu kuna wale wa "mafuta mabaya". Kila gari likizimika, petroli imechakachuliwa! Tangu Januari 2022, malori yalipokwama mpakani Malaba na lita ikafika shilingi 10,000 mahali pengine, wimbo huu hauishi. Sawa, petroli yenye maji ipo, sikatai, hasa ya kwenye jerikeni. Lakini pima! Chota kwenye chupa ya kioo safi, iache itulie. Maji yatakaa chini, petroli juu, utaona mstari kati yake. Usipouona mstari, acha kumsingizia mwenye kituo maji.

Hewa ya wizi, yaani inayopenya mahali isipotakiwa. Hili nililipangia muda mrefu, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mpira wa busta ya breki, mpira wa hewa chafu unaotoka kwenye kava ya injini, gasketi ya manifoldi: vikivuta hewa, injini inatetemeka ikiwa imesimama, ukikanyaga mafuta inatulia. Nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio. Ikibadilisha sauti, umempata mwizi. Maji, nimesema. Nimewaona watu wananyunyizia petroli kwenye injini moto yenye nyaya za plagi zilizochubuka. Siwezi kuwafundisha umakanika watu wanaotaka kufa.

Na hili waandike wenye geji ya mvuto wa hewa. Vitabu vya mafundi vingi vinasema mvuto wa injini nzima uwe inchi 18 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni pwani. Hapa Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kila mita 300 unazopanda geji inashuka karibu inchi moja. Kwa hiyo 14 hadi 17 hapa ni afya kabisa. Kuna injini zimefunguliwa na kuwekwa ringi mpya katika mji huu kwa kosa la kukaa mlimani. Kipimo cha silinda kubana nacho kinashuka vilevile, kwa hiyo usihangaike sana na namba, linganisha silinda moja na nyingine. Tatu zikilingana na moja imeanguka mbali, hiyo moja ndiyo uifuate.

Nyaya za ethi, zile zinazounganisha betri na chuma cha gari, sitazifikia. Zisafisheni tu, pande zote mbili, kabla hamjalaumu kompyuta. Alterneta, inayochaji betri: injini ikiwaka, betrini pawe na volti 13.5 hadi 14.5. Kabureta, siku nyingine.

Swali lile la nyuma nimelisikia: mteja ana haraka, hataki kungoja gari lichemke. Ndugu yangu, mwambie aondoke nalo. Simzuilii. Ila mwachie namba yako, na mwambie likizimika asiliguse, asifungue boneti, apige simu hapo hapo, nawe uende na plagi ya akiba mfukoni na mita, ufike kabla halijapoa. Akisema njoo na distributa, usiende nayo.

Mwenye ile Premio ya kijivu hapo nje inayotetemeka, usiizime. Vijana watatu waje nami, na mmoja alete maji kwenye chupa.