Alizeti-pori Kando ya Mto: Kung'oa Peke Yake Hakutoshi

ODETTE: Jambo yenu, ndugu zetu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, na nyinyi wengine popote mnapotusikilizia. Mimi ni Odette.

TRÉSOR: Na mimi Trésor. Yaya, dada yangu, leo nimekuja na malengelenge mkononi. Niliahidi Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa kando ya mto, na nilikuja.

ODETTE: Ulikuja, aksanti sana. Waambie watu tulikuwa tunafanya nini.

TRÉSOR: Tulikuwa tunang'oa yale maua ya njano. Kila mtu wa hapa anayajua. Mvua ikiisha, mwezi wa nne, wa tano, kando ya barabara, kando ya reli, kwenye parseli ambazo wenyewe hawajajenga, ni njano tupu, marefu kuliko mtu. Wataalamu wanayaita Tithonia diversifolia. Hapa kwetu kipindini tutasema alizeti-pori. Na mimi, Yaya, nilikuwa nayapenda. Mama yangu alizungushia parseli yetu ua wa hayo hayo.

ODETTE: Hata mimi nayaona mazuri. Uzuri ndio uliyafikisha huku. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Watu waliyapanda kuwa pambo, yakatoka bustanini, hayakurudi.

TRÉSOR: Hapo ndipo nataka kukubana. Mahindi tunayosongea bukari yalitoka Amerika. Sombe yetu ni majani ya muhogo, na muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Mijakaranda ya mjini pia ni migeni. Kwa nini alizeti-pori peke yake ndiyo ifukuzwe?

ODETTE: Haifukuzwi kwa sababu ya kwao, mdogo wangu. Shamba la mahindi ukiliacha bila mtu, mwaka wa pili mahindi hayapo. Alizeti-pori ukiiacha, mwaka wa pili hakuna kingine. Inasimama mita mbili, tatu, imebanana, chini yake ni giza. Nyasi zinakufa, na mche wa mti ukijaribu kuota haupati jua. Majani na mizizi yake vinatoa kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine. Halafu mbegu zake ni nyepesi, zinabebwa na upepo, na maji, na matope ya viatu na magurudumu. Na hata bila mbegu: kipande cha shina kikilala kwenye udongo wenye maji, kinatoa mizizi.

TRÉSOR: Hilo la kipande cha shina, waeleze ya mwaka juzi.

ODETTE: Mwaka juzi tulikosea, na mimi ndiye niliyeongoza kosa. Tulikwenda mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, watu kumi na wawili na mapanga. Tukakata kwa nguvu zote. Mashina tukayarundika pembeni ya mtaro, tukarudi nyumbani tumefurahi. Wiki chache baadaye lile rundo lilikuwa kijani. Visiki navyo, kila kimoja kimetoa machipukizi matatu, manne. Na maji ya mtaro yalikuwa yamebeba vipande hadi kwa watu wanaolima mboga huko chini. Nilipita kwao nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Iliniuma sana, maana wale watu bustani ndiyo chakula chao.

TRÉSOR: Ndiyo maana Jumamosi ulininyang'anya panga.

ODETTE: Panga ni la kupunguzia urefu tu, upate kuingia. Kazi yenyewe ni ya mikono na jembe. Na wakati wake ni mwezi wa pili na wa tatu: udongo umelowa, mzizi unatoka mzima, na maua bado. Ukingoja njano ionekane umechelewa, unatingisha mbegu wewe mwenyewe. Ulichong'oa usikilaze chini. Sisi tunatandika turubai, tunavitawanya juani, mizizi ikitazama juu, hadi vikauke kabisa. Na dawa za kuulia magugu hatutumii. Pale maji yanapita, na watoto wanaoga humo.

TRÉSOR: Lakini majani hatuyatupi. Hili lilinishangaza. Huko magharibi mwa Kenya watafiti waliyapima, wakakuta jani kavu lina naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4.1, ila fosforasi ni kidogo, asilimia 0.37. Wakulima huko wanayachimbia shambani yakiwa mabichi. Kwa jinsi mbolea ya dukani ilivyo bei kali, hiyo si takataka.

ODETTE: Majani na vijiti laini, kabla ya maua. Shina gumu hapana, na lenye mbegu hapana kabisa.

TRÉSOR: Tuzungumze habari ya salongo. Maana nilipowaalika majirani, neno la kwanza lilikuwa hilo.

ODETTE: Ndiyo. Kuna mama mmoja mzee wa kartye yetu, mtaa wetu, mara ya kwanza aliniambia, "Binti, mimi salongo nilishamaliza." Sikumjibu, maana alikuwa na haki. Enzi za Mobutu salongo ilikuwa kazi ya umma, na kwa watu wengi ilikuwa ya lazima. Mtu aliyelimishwa barabara bila kuulizwa, ukija leo na neno "kujitolea" anasikia lile la zamani. Kwa hiyo sisi hatupigi filimbi, hatuandiki majina ya waliokosa, hatumlaumu aliyebaki kitandani. Tunamwomba ruhusa chefu wa kartye, tunamwomba mwenye eneo, basi. Anayekuja anakuja.

TRÉSOR: Na mama mzee?

ODETTE: Alituangalia Jumamosi nne. Ya tano alikuja na gunia. Hakung'oa kitu, alijaza majani, akaenda kuyaweka kwenye bustani yake ya sombe. Ya sita alileta bidoni ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Mimi namhesabu ni mmoja wetu.

TRÉSOR: Yaya, kuna kitu sikukipenda Jumamosi. Vijana wawili waling'oa kila kilicho kijani.

ODETTE: Niliona, nikasimamisha kazi. Nusu saa ya kwanza ni ya kuangalia, si ya kung'oa. Shika jani la alizeti-pori: limegawanyika mara tatu au tano kama kiganja, ukilisugua lina harufu kali. Usilolijua liache. Katanga hii ina mimea midogo ambayo huwezi kuiona kwingine, kwa sababu ya udongo wa shaba. Haumaniastrum katangense, lile ua la shaba, mtu asiyejua anaona gugu. Kumbe mmea huo uliwasaidia watafiti kutambua mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba karne nyingi zilizopita. Palipokuwa na tanuru, umeota. Ni kumbukumbu, unaing'oaje?

TRÉSOR: Nao pia unafuata mahali ambapo mtu amechokonoa ardhi.

ODETTE: Umesema vizuri. Alizeti-pori pia haiingii kwenye msitu mzima wa miombo kwa urahisi. Inapenda palipokatwa miti ya makaa, palipochimbwa, palipomwagwa kifusi. Ndiyo sababu siku hizi nakataa kung'oa mahali ambapo hatuna cha kupanda. Ukiacha udongo uchi umeiita irudi.

TRÉSOR: Pale juu tumepanda masuku, miti yetu ya matunda ya porini.

ODETTE: Pale juu, ndiyo, pasipotuama maji. Kando ya mto kwenyewe tumeacha nyasi za pale pale zifunike kwanza. Masuku yana masharti. Mbegu yake haikai: ukiila tunda, ipande siku hizo hizo, ikikauka imekufa. Na chota udongo kutoka chini ya msuku mkubwa uuchanganye, kwa sababu mizizi yake inaishi pamoja na kuvu wa udongo ule. Bila huo mche unadumaa.

TRÉSOR: Na matunda?

ODETTE: Miaka mingi. Kumi na kuendelea.

TRÉSOR: Basi Jumamosi nije na nini?

ODETTE: Glavu, jembe, na viatu ulivyovisafisha matope kabla hujatoka nyumbani. Ua wa mama yako tutauongelea ukiwa na yeye mwenyewe.

TRÉSOR: Nilishamwambia. Amesema uje wewe ndiyo umwambie.

ODETTE: Nitakuja Jumapili baada ya misa. Nitamletea mche.