Myahudi wa kwanza alikuwa nani? Mhadhara kuhusu Waisraeli wa kale

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, asanteni kwa kuja na hili jua la leo. Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Nimepewa dakika arobaini alafu ni maswali, kwa hiyo sizunguki sana.

Nianze na swali la uchokozi kidogo. Ibrahimu alikuwa Myahudi? Naona kuna wanaotikisa kichwa kukubali, na kuna mzee wangu hapa mbele mwenye kofia anakataa kabisa, na najua kwa nini anakataa, maana Kurani yenyewe inasema Ibrahimu hakuwa Myahudi wala Mnasara. Sasa mwanahistoria naye ukimuuliza atakataa vile vile ila kwa sababu yake nyingine. Neno Myahudi limetoka kwenye Yuda, yani ule ufalme mdogo wa kusini wenye Yerusalemu, Myahudi ni mtu wa Yuda kama tunavyosema Mpemba ni mtu wa Pemba, na jina hilo limekuja kuzoeleka baadae sana. Kabla yake kuna Waisraeli, na hao nao wana mwanzo wao. Sisi tumezoea kuvichanganya, Israeli, Ebrania, Uyahudi, vyote sufuria moja. Leo nataka tuvitenganishe.

Twende kwenye jiwe. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja Flinders Petrie alikuwa anachimba Thebes, Misri, pale panapoitwa Luxor sasa hivi, akatoa jiwe refu kuliko mimi na meza hii ukitupandisha, zaidi ya mita 3, limeandikwa sifa za Firauni Merneptah mtoto wa Ramses wa Pili. Ni kama mwaka 1208 KK. Sehemu kubwa ni majigambo jinsi alivyowapiga Walibya, ila mwishoni kabisa anagusia Kanaani, nchi ambayo leo ni Israeli na Palestina, anataja miji ya Ashkeloni, Gezeri, Yanoamu, alafu anasema Israeli ameharibiwa, mbegu yake haipo tena. Ndio mara ya kwanza jina Israeli linaonekana kwenye maandishi bila ubishi mkubwa, na linaonekana kwenye tangazo la kifo! Firauni kaandika taazia ya watu ambao leo tunawajadili na yeye tunamkumbuka sana sana kwa sababu yao.

Ila kitamu ni kitu kidogo ambacho anayesoma haraka anakipita. Maandishi ya Misri yana alama inayomwambia msomaji hili neno ni la aina gani. Ashkeloni na wenzake wamewekewa alama ya nchi. Israeli kawekewa mchoro wa mwanamume na mwanamke waliokaa, alama ya watu. Maana ake huyu karani wa Firauni anawajua kama kabila, hana mji wao wa kuutaja wala mfalme wao.

Sasa hao watu walikuwa wanakaa wapi? Wanaakiolojia walipoanza kupita milima ya katikati ya Kanaani kwa miguu, kijiji kwa kijiji, hasa baada ya 1967, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1200 na 1000 KK milima ile ambayo ilikuwa karibu tupu imejaa ghafla vijiji zaidi ya 200. Vidogo vidogo, vingine watu mia hawafiki. Hakuna kasri, hakuna ukuta wa maana, makaburi ya kifahari hakuna. Kuna nyumba za mawe zenye ua katikati na mifugo inalala ndani humo humo, kuna matuta kwenye miteremko, kuna matangi ya maji yamechongwa kwenye mwamba, na mitungi mikubwa ya kuhifadhi nafaka na mafuta. Mtu aliyekulia Lushoto au Taita hahitaji kuelezwa maisha hayo. Kule bondeni kipindi hicho dunia ilikuwa inaanguka, dola la Wahiti kule Uturuki ya leo limekufa, mji wa Ugariti pwani ya Syria umeungua, Misri inafungasha virago kutoka Kanaani. Mji ukifa watu wanapanda mlimani, hata leo.

Swali la shilingi ngapi: walitoka nje au walikuwa pale pale? Vyungu vyao ukiviangalia, mkono wa mfinyanzi ni ule ule wa Kanaani. Lugha yao ni Kikanaani, Isaya mwenyewe sura ya 19 anaiita lugha ya Kanaani, na lile jiwe la Mesha mfalme wa Moabu lililopatikana Dhiban kule Yordani mwaka 1868, ukijua Kiebrania unalisoma kama mtu wa Unguja anavyomsikiliza mtu wa Lamu, unakwama hapa na pale lakini unaelewa. Watu wanapenda kutaja mifupa ya nguruwe, kwamba miji ya Wafilisti, majirani zao wa pwani, imejaa mifupa hiyo na vijiji vya milimani hakuna. Ni kweli, ila msiibebe sana hoja hiyo, maana Wakanaani wengine wengi nao walikuwa hawali nguruwe kivile.

Na kuta za Yeriko je, zile ambazo Biblia inasema zilianguka mbele ya Yoshua na Waisraeli wake? Mama mmoja hodari sana, Kathleen Kenyon, alichimba pale kuanzia 1952 mpaka 1958 akakuta ule mji mkubwa wenye kuta uliteketea kama 1550 KK, yani zaidi ya miaka 300 kabla ya wakati ambao wengi wanamweka Yoshua. Mji wa Ai, ambao nao Yoshua anasemwa aliuteka, ndio kabisa, wakati huo ulikuwa magofu zaidi ya miaka elfu moja. Hazori, mji mwingine wa habari hiyo hiyo, kweli iliungua karne ya 13 KK, na iliungua vibaya, ingawa nani aliwasha kiberiti bado wanabishana.

Naona nyuso zimeanza kukunjika. Tulieni. Sisemi hakuna aliyetoka Misri. Angalia majina, Musa wataalam wengi wanaona ni jina la Kimisri, ile "mose" ya Thutmose na Ramses, alafu kuna Finehasi mjukuu wa Haruni, jina lake kwa Kimisri ni Mnubi, yani mtu mweusi wa kusini, na hilo jamani lipo kwenye ukoo wa makuhani na huwa halitajwi kwenye mahubiri. Kwa hiyo mimi binafsi naegemea upande wa wanaosema kuna kundi dogo lilitoka Misri na habari ya kukombolewa, likafika milimani likakuta wenzao ambao nao waliwahi kuwatumikia Wamisri pale pale Kanaani, maana Misri ilitawala Kanaani karne nyingi, na habari ya wachache ikawa ya wote. Na nabii Ezekieli hakuona haya, sura ya 16 anaiambia Yerusalemu asili yako ni Kanaani, baba yako Mwamori na mama yako Mhiti. Kasema yeye, mniache mimi.

Kwenye Mungu sasa, hapa ndipo panaponinyima usingizi. Majina tena. Israeli, Samueli, Danieli, Mikaeli, hata Ismaili, wote wana El mwishoni. Isaya, Yeremia, Nehemia, Hezekia wana Yah, kifupi cha Yahweh, jina la Mungu wa Israeli. El tunamjua vizuri tangu 1928, mkulima alipogonga kaburi kwa jembe pwani ya Syria na ikafukuliwa Ugariti nzima na vibao vyake, humo El ni mzee, baba wa miungu, mkewe anaitwa Athirati, ndiye Ashera wa kwenye Biblia. Yahweh harufu yake inatoka kusini. Wimbo wa Debora kwenye Biblia unasema alitokea Seiri, Edomu. Na kwenye hekalu la Soleb, ambalo liko Sudan hii hii ya majirani zetu, Firauni Amenhotep wa Tatu karne ya 14 KK aliandika orodha ya maadui na mmoja wao ni nchi ya wafugaji wanaoitwa Shasu, nchi ya Yhw. Taifa lina jina la El lakini linamwabudu Yahweh, na Kutoka sura ya 6 inasema waziwazi kwamba Ibrahimu na Isaka na Yakobo hawakumjua kwa jina hilo. Alafu anakuja nabii ambaye jina lake lote ni hoja ya mjadala, Eliya, maana ake El wangu ni Yah, ndiye mwenzetu Ilyasi.

Ila watu wa kawaida hawakubadilika siku moja. Kule Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, mwaka 1975 na 1976 walipata mitungi ya kama mwaka 800 KK imeandikwa baraka kwa jina la Yahweh wa Samaria, yani mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, na Ashera wake. Ni mke au ni mti wa ibada? Wataalam wanatoana jasho mpaka leo. Mimi nasema manabii wasingepiga kelele miaka mia mbili kuhusu Ashera kama hayupo mtu anayemuabudu, lisemwalo lipo.

Wafalme napita haraka, mnawajua. Daudi ana ushahidi wa jiwe la Tel Dan, 1993, linalotaja nyumba ya Daudi, yani ukoo wake wa kifalme. Ufalme wa kaskazini, Israeli wenyewe, ndio uliokuwa tajiri, na ndio uliokufa kwanza, Samaria ilianguka kwa Waashuru 722 KK na mfalme wao Sargon akajisifu kubeba watu 27,290. Waliobaki wengine wakakimbilia Yerusalemu na mji ukavimba. Sennakeribu, mfalme mwingine wa Waashuru, akaja 701 KK akachukua miji 46 na kumfungia Hezekia mfalme wa Yuda kama ndege kwenye tundu, maneno yake hayo, ila mji hakuuingia. Mwaka 622 KK chini ya mfalme Yosia wa Yuda kikatokea kitabu cha sheria hekaluni, Ashera akachomwa moto, sadaka zote zikaamriwa zitolewe Yerusalemu tu. Na 586 KK Nebukadneza mfalme wa Babeli akaichoma hiyo Yerusalemu yenyewe na kuwahamishia watu wengi kwake Babeli.

Hapa mnisikilize vizuri. Zamani zile mungu ambaye nyumba yake imechomwa ni mungu aliyepigwa, watu wake wanahamia kwa mshindi, mchezo umeisha, wamekufa hivyo miungu mingi tu. Hawa watu wa Yuda wakasema hapana, Babeli ni fimbo tu na aliyeishika ni Mungu wetu. Wakabaki na vitu visivyohitaji jengo: Sabato, chakula, maandishi, tohara ambayo Wababeli hawakuwa nayo. Ndio maana mimi ukiniuliza Uyahudi umezaliwa wapi nakwambia umezaliwa kwa walioshindwa, ugenini. Na sio wote walikuwa wanalia kando ya mito ya Babeli kama Zaburi inavyosema, kuna vibao vya udongo vinavyotaja kijiji cha Al-Yahudu, mji wa Yuda, Iraki ya leo, cha zamani zaidi ni cha 572 KK, humo wanakopeshana shayiri, wanalipa kodi, wanaoana. Koreshi mfalme wa Waajemi alipoiteka Babeli 539 KK na njia ya kurudi ikafunguka wengi hawakurudi. Jamii ile ya Iraki ilikaa pale mpaka miaka ya 1950.

Nimalizie Afrika. Kisiwa cha Elephantine, mto Nile, pale Aswan, karne ya 5 KK kulikuwa na askari wa Kiyahudi wanaolinda mpaka kwa niaba ya Waajemi. Wana hekalu lao la Yahu, ndiye Yahweh, na sadaka ya kuchinja, wakati kitabu cha Yosia kinakataza. Kuna orodha yao ya michango, kila mtu shekeli mbili kwa ajili ya Yahu, imeandikwa jina kwa jina kama michango ya harusi kwenye grupu la WhatsApp, na ukifika kwenye jumla unakuta hela nyingine zimeenda kwa Anat-Betheli, mungu mwingine wa kike. Na hawaoni tatizo! Barua zao zipo nyingi na Musa hatajwi hata mara moja.

Mwaka 410 KK makuhani wa jirani, wa Khnum mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, walishirikiana na mkuu wa eneo wakalivunja hekalu lile. Watu wakavaa magunia, wakafunga, wakaacha mvinyo na mafuta, wake zetu wamekuwa kama wajane, ndivyo walivyoandika. Wakamwandikia kuhani mkuu wa Yerusalemu. Hakujibu. Miaka mitatu baadae, 407 KK, wakamwandikia gavana wa Yuda na kumkumbusha kwamba yule kuhani hakujibu, na mwisho ruhusa ikatoka, jengeni upya palepale palipokuwa, mtoe sadaka ya unga na ubani. Wao waliomba vitu vitatu, unga, ubani na mnyama wa kuteketezwa. Cha tatu hakikutajwa.

Haya, mzee wangu mwenye kofia nimekuona tangu zamani, mpeni maiki.