"Still": neno lililomgombanisha karani na mteja wake

Shikamooni wakubwa zangu. Nanyi vijana, marahaba kwa pamoja, maana nikimjibu mmoja mmoja muda wangu utaishia hapo.

Nimepewa dakika arobaini. Walionialika wananijua. Wamenisikia nikilisema hili Masasi, wakanisikia Newala, na Lindi ndiyo usiseme. Mwenyekiti ameniomba safari hii niguse na maneno mengine ya Kiingereza, nisigande kwenye lile lile. Nitajaribu, ila siahidi.

Neno lenyewe ni "still". Herufi tano. Humu ndani hakuna asiyelijua, na kulijua huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Neno gumu mtu huliogopa, akalitafuta kwenye kamusi. Hili hakuna anayelitafuta.

Kuna kikundi cha kubangua korosho, sitakitaja, si mbali na hapa Mtwara. Karani wao nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo nusu ya lawama naibeba. Walipata mnunuzi Uingereza, wakampelekea maboksi ya W320. Kwa wageni waliotoka Dar: hizo ni korosho nyeupe, nzima, ambazo ratili moja inachukua punje kama 300 hadi 320. Boksi moja ni ratili 50, yaani kilo 22.68. Sasa piga hesabu ya punje. Kila moja imepita kwenye kidole cha mama aliyeitoa ngozi ya ndani kwa kijisu bila kuikwaruza, maana ikivunjika tu imeshuka daraja na bei. Na kabla ya hapo kuna mafuta ya ganda. Aliyewahi kubangua bila kupaka majivu au mafuta mikononi anajua yanavyobabua. Nawaambia haya ili mjue maboksi yale hayakuwa mzaha.

Makubaliano: malipo ndani ya siku 30. Siku ya kumi na mbili, mama mwenyekiti, mtu mstaarabu kabisa, akamwita karani: "Mwanangu, hebu waandikie hao wenzetu, uwakumbushe kwa upole kuwa bado hawajalipa." Kijana akakaa kwenye kompyuta, akaandika mstari mmoja: "You still have not paid."

Nani ameona kosa? Mama pale nyuma? Hakuna. Sawa, hata mimi siwalaumu. Tahajia iko sawa, sarufi iko sawa, na mwalimu wa Kidato cha Nne angeweka vema aendelee na daftari linalofuata. Lakini yule Mwingereza, ameamka, ana chai yake, anafungua baruapepe, anachokisoma ni hiki: "Yaani mpaka leo hamjalipa!"

Jibu lake lilikuja siku hiyo hiyo. Halina salamu, halina "Dear". Maneno matano: "We still have eighteen days."

Kijana akaniletea simu nione. Anauliza, "Mwalimu, mbona huyu mzee kakasirika?" Nikamwambia hajakasirika yeye, umekasirika wewe. Wewe ndiye uliyemwandikia mtu kwa hasira, ila hasira yenyewe hukuijua.

Hapa ndipo ninapoombwa niende haraka, na hapa ndipo ninapokataa. "You have not paid yet": bado hamjalipa, muda upo, tunakumbushana tu. "You still have not paid": tumengoja, muda umepita, tumechoka nanyi. Kwa Kiswahili yote mawili unaweza kuyasema kwa "bado hamjalipa", tofauti ukaiweka kwenye sauti. Ukisema kwa upole ni ukumbusho. Ukivuta, "baaado hamjalipa", ukaweka na mkono kiunoni, ni ugomvi. Kwenye baruapepe mkono kiunoni hauonekani, kwa hiyo Kiingereza kimeuweka ndani ya neno. "Still" ikikaa mbele ya "have not", huo ndio mkono kiunoni.

Chukueni basi la kutoka Dar. Linatarajiwa saa mbili usiku. Saa moja na nusu mtu anakuuliza stendi, limefika? Unamjibu, bado. Hiyo ni "yet", huna kinyongo na mtu. Ikifika saa sita usiku, watoto wamelala juu ya mizigo, husemi bado. Unasema, "Mpaka saa hizi halijafika!" Hiyo sasa ni "it still hasn't arrived". Wenye umri wangu mnakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa la Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, masika, matope ya Kibiti, foleni ya pantoni pale Ndundu. Sisi watu wa Kusini tuliijua "still has not" miili yetu yote, tulichokosa ni jina lake.

Namwona kijana anatabasamu, najua analotaka kusema, nimelisikia kila ninapokwenda. "Mwalimu, si wanaelewa tu? Kiingereza si cha baba yetu." Kweli si cha baba yetu. Na kweli yule mnunuzi alielewa. Tatizo ni kwamba alielewa jambo ambalo mama mwenyekiti hakulisema. Angekuwa hajaelewa angeuliza, mambo yangeisha. Mwingine atasema simu inatafsiri. Haya, andika "bado" peke yake kwenye simu yako, uone itakavyochagua bila kujua unaongea na nani wala siku ya ngapi.

Sasa nije kwenye dawa, na dawa iko nyumbani, wala msiende mbali. Kiswahili nacho kilikuwa na neno lake la "still", tumelitupa uvunguni. Ni "-ngali". Bibi zetu walisema: mama angali jikoni. Mvua ingali inanyesha. Babu yenu angali hai. Si ile ya "ningalijua", hiyo ni ndugu mwingine kabisa, msinichanganyie watoto. Siku hizi kila kitu tumeitwisha "bado", masikini, imekuwa kama punda wa soko. Bado yuko jikoni, bado hajatoka, nimebakiwa na bado moja, wote hao ni bado.

Basi fanyeni hivi. Kabla hujaandika "still", itoe "bado" yako, weka "ngali" mahali pake. Bado anasoma: angali anasoma. Imekaa? Andika "still". "She is still studying." Korosho bado ziko ghalani: korosho zingali ghalani. "Still." Bado tuna siku kumi na nane: tungali na siku kumi na nane. Mnaona? Yule mzee wa Uingereza alijibu kwa "ngali" safi kabisa.

Sasa jaribu, bado hajafika. "Angali hajafika." Inakwama kooni. Ikikwama, tazama kitenzi: kina "-ja-". Hajafika, hatujala, hamjalipa. Hiyo "-ja-" ndiyo "yet" yenyewe, imejificha katikati ya kitenzi tangu wewe hujazaliwa. Ndiyo maana unaweza kuitupa "bado" na maana ikabaki: basi halijafika. Kwa hiyo ukiona "-ja-", peleka "yet" mwishoni mwa sentensi, ukalale. "The bus hasn't arrived yet." Ukitaka ugomvi ndipo uilete "still" mbele, ila ulete kwa kukusudia.

Kuna shimo moja, nisipolisema mtatumbukia. "Sijawahi." Ina "-ja-", lakini si "yet". Ni "never". Kijana mmoja alikwenda kwenye usaili wa kazi ya ulinzi, enzi zile gesi imepamba moto hapa mjini. Mzungu anamuuliza kwa Kiingereza kama amewahi kutiwa hatiani mahakamani. Kichwani mwake amesema "sijawahi", adabu ya Kiswahili ikamsukuma, maana sisi hatupendi kumkatia mtu kwa "hapana". Ukiulizwa una watoto unasema bado, ukiulizwa umeoa unasema bado, unamwachia Mungu nafasi. Basi kijana akakaa wima, akajibu: "Not yet, sir."

Chekeni tu. Yeye hakucheka, na kazi hakuipata.

Tuendelee, naona saa. "Still" inatoka kwenye neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kutulia, kukaa tuli. Ukilijua hili, nusu ya mambo yanajipanga yenyewe. Kilichotulia hakijaondoka, na kisichoondoka bado kipo. Ndiyo safari yake. "Stand still" ni simama tuli, kama fundi picha wa zamani alivyotuambia. Picha mnato ni "still". Manesi mliopo mnalijua jingine la huzuni, mtoto aliyezaliwa tayari amekufa, wameliandika kwa neno hili hili. Ni utulivu huo huo, sina la kuongeza.

Na maji. Hoteli moja ya hapa, mgeni kaagiza: "Still water, please." Maji yasiyo na gesi, yaliyotulia, ndiyo hayo tu. Mhudumu kafurahi, kamjibu: "Yes sir, still water!" Mgeni anangoja. Mhudumu naye amesimama pale pale, anatabasamu. Yeye amesikia swali, kwamba maji bado yapo? Amejibu kwa ukarimu kwamba naam, yapo bado. Wakatazamana. Sasa kwa mji wetu, ambako bomba lina siku zake, mimi naona swali hilo lilikuwa la busara kuliko agizo.

Halafu kuna "a still", na hapa naomba wazee mnisamehe. Huo ni mtambo wa kukenekea pombe. Pipa, bomba, maji ya kupoozea, tone, tone, tone. Mabibo, matunda ya mkorosho, yakikamuliwa na kuchachushwa ni uraka, mnaujua. Uraka ukipita kwenye mtambo huo unatoka gongo, na hapo polisi wanakuja. Hili si "still" ya utulivu. Asili yake ni Kilatini cha kudondoka tone tone. Yamekutana kwenye tahajia kama paa la nyumba na paa wa porini. Kwa hiyo ukisoma gazetini "police found a still", usiniandikie "polisi bado walikuta". Nimesahihisha daftari lenye sentensi hiyo. Naapa.

Muda. Mwenyekiti ameanza kukohoa. Haya, mbio mbio. "Still" ikianza sentensi na koma nyuma yake ni "hata hivyo". "Better still" ni "afadhali zaidi". "Yet" katikati, "small yet strong", ni "lakini". "Yet another" ni "mwingine tena", na aghalabu msemaji amechoshwa. Kwenye swali, "Have you eaten yet?" ni "umeshakula?" ya kawaida, ya kukaribishana. "Have you eaten already?" ni "umeshakula, mara hii!", usimwambie mgeni mezani. Na hii "we have yet to receive", makarani, nisikilizeni: maana yake HATUJAPOKEA. Mnaona "have", mnaona "receive", mnaweka muhuri kwamba pesa imeingia. Mengine niliyoandaa, "since" na "for", nayaacha.

Swali moja tu, mama. Eeh. Mama anauliza, kitu kikiwa kilikuwepo na sasa hakipo, tunasemaje. Swali zuri, na ndiyo kona ya nne: umeshaanza, ungali, hujaanza, na hupo tena. Hiyo ya "hupo tena" ni "no longer". Na hapo nina daftari jingine. Niliwapa wanafunzi kazi waandike kuhusu reli ya Kusini, ile iliyojengwa wakati wa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ikaunganisha Nachingwea na bandari yetu, kisha ikang'olewa miaka ya 1960. Nilitaka "The railway is no longer there". Binti mmoja akaandika: "The railway is not yet there."

Nikaishika kalamu nyekundu. Nikaanza kuchora mkasi, nikasita. Maana kuna ile nyingine, ya Mtwara hadi Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, ambayo tumekuwa tukiisikia miaka na miaka. Kwa ile ya karanga amekosa. Kwa hii ya Mbamba Bay, sarufi yake haina dosari, na upole wake, kwa kweli, ni mkubwa kuliko wangu, maana mimi ningeandika "still". Nikampa nusu.