Posho Nyepesi kwa Safari Fupi ya Uwindaji

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu mliotutangulia katika kazi ya porini, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda kuwinda kwa mara ya kwanza kwa vibali halali, nawashukuru kwa kufika jioni hii hapa Arusha. Nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni posho, yaani chakula cha kubeba mgongoni kwa safari ya siku 3, katika nchi kavu kama ya Longido au Simanjiro, ambako gari huachwa mbali na mwindaji huondoka kwa miguu.

Hapa mezani pana mizani ya sahani mbili. Sahani moja nimeweka chane ya ndizi mbivu niliyoinunua asubuhi katika soko la Kilombero, na nyingine nimeweka gramu 150 za karanga zilizokaangwa, ambazo zinaenea katika viganja vyangu viwili. Mnaona jinsi sahani ya ndizi ilivyoshuka hadi ikagota mezani. Hata hivyo, ili kupata nguvu iliyomo katika karanga hizi chache, mtu angehitaji kula karibu kilo nzima ya ndizi zilizokwisha kumenywa, kwa maana ndizi mbivu ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Nyama mbichi nayo ni hivyo hivyo, na wali uliopikwa ni maji kwa karibu theluthi mbili. Anayebeba vyakula hivi anabeba maji ambayo hawezi hata kuyanywa.

Safari yangu ya kwanza niliifunga kama mtu anayekwenda harusini. Nilikuwa na chapati kumi na mbili, mayai ya kuchemsha, na nyama iliyopikwa nikaitia katika hotipoti nikidhani kwamba nimejiandaa kuliko wenzangu wote. Siku ya pili adhuhuri nilipofungua kifuniko, nyama ilikuwa imeota utelezi na harufu yake ilitufanya tugeuze nyuso. Tukachimba shimo chini ya mgunga tukaizika pamoja na mayai. Mzee aliyekuwa akitufuatishia nyayo hakusema neno. Alifungua kifuko cha kitambaa cha marekani, kisichozidi ukubwa wa ngumi mbili, akatugawia mahindi yaliyokaangwa yakasagwa pamoja na karanga na chumvi kidogo, kila mtu vijiko vitano vya kuchanganya na maji katika kikombe. Tulitembea hadi jua linazama, na tangu siku ile sijabeba hotipoti tena.

Unga ule wa mzee ndio msingi wa ushauri wangu, na naomba niueleze vizuri, kwa sababu wengi watauliza kwa nini tusibebe sembe ya kawaida ambayo nayo ni kavu na nyepesi. Sembe ni nyepesi dukani tu. Nusu kilo yake hudai zaidi ya lita moja ya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni. Hudai pia sufuria, mwiko, kuni na maji mengine ya kuoshea. Maharage ni mabaya zaidi, maana huchukua saa nyingi motoni, na katika miinuko yetu, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, huchelewa zaidi kuiva. Kisha kuna moshi. Nyati na pofu hunusa kwa ukali mno, na moto uliowashwa upande unakotoka upepo unaweza kuharibu matembezi ya asubuhi nzima. Unga uliokaangwa umekwisha kuiva nyumbani, kwa hiyo maji unayouchanganya nayo ni yale yale ambayo ungeyanywa.

Kwa siku moja, mimi humpimia mtu mmoja gramu 300 za unga huo, gramu 150 za karanga, gramu 150 za tende, gramu 60 za dagaa wakavu au nyama iliyokaushwa, na gramu 60 za asali. Jumla ni gramu 720, zenye takribani kilokalori 2,800, na kwa siku 3 mzigo wa chakula hauzidi kilo mbili na robo. Dagaa waondolewe chumvi ya ziada, maana chumvi huita kiu. Tena huongeza ubuyu kidogo, ambao hukauka wenyewe mtini na una vitamini C nyingi.

Msihesabu nyama ya mnyama ambaye bado yuko hai. Kibali hutaja aina ya mnyama na idadi yake. Hakimruhusu mtu kuua digidigi kwa sababu ameshikwa na njaa. Hata Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao uwindaji ndio maisha yao, hawategemei mshale peke yake, bali hula asali, ubuyu, mizizi na matunda ya porini.

Limebaki jambo linalonisumbua kuliko uzito. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu huota kuvu wenye sumu iitwayo aflatoksini, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo uchambuzi hufanywa kabla ya kukaanga, punje kwa punje, mchana, chini ya mwanga mzuri: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka au yenye ukungu itupwe, wala kuku asipewe. Anayeonja punje chungu aiteme.

Sasa naomba vijana wanne wasogee mezani. Katika sinia hili kuna kilo moja ya karanga mbichi kama zilivyotoka gunia. Zichambueni, mziweke mbaya katika bakuli la kushoto, kisha tutapima pamoja tuone ni gramu ngapi zilizostahili kubaki nyumbani.