Oveni Si Kabati la Sufuria

REHEMA: Karibuni jamani. Leo sina salamu ndefu, maana mwenzangu amekuja studio hana nyusi.

HAMISI: Shikamoo kwanza, dada.

REHEMA: Marahaba. Nyusi ziko wapi?

HAMISI: Zinaota. Jumamosi nilitaka kuoka keki. Jiko letu ni lile la kusimama, matundu manne juu, oveni chini. Mwaka wa tatu huu tunalo, na oveni haijawahi kuwashwa. Ndani mlikuwa na sufuria, karai, chujio la tui, na kitabu cha maelezo bado kimo kwenye nailoni yake.

REHEMA: Hapo umeitaja nusu ya Tabata.

HAMISI: Basi nikatoa vyombo, nikafungua gesi ya oveni, ndipo nikakumbuka sina kiberiti. Nikaenda kukitafuta sebuleni. Narudi, nainama, nawasha njiti, puu!

REHEMA: Mungu mkubwa. Mlango ulikuwa wazi?

HAMISI: Ulikuwa nusu.

REHEMA: Sasa sikiliza, na wenye oveni za kuwekea karai msikilize. Ulichokosea ni mpangilio. Mlango wa oveni unafunguliwa wote. Njiti inawaka kwanza, unaisogeza kwenye tundu lililo sakafuni mwa oveni, ndipo unabonyeza swichi na kuizungusha. Sekunde 15 zikipita moto haujashika, zima, acha mlango wazi, ngoja walau dakika nzima gesi itoke. Usijaribu tena papo hapo. Hata jiko linalojiwasha kwa cheche, utaratibu ni huohuo: mlango wazi.

HAMISI: Na ukishika? Maana jana nimejaribu tena, unawaka vizuri, nikiachia tu swichi, unazima. Nikamwita fundi wa mtaani. Kasema sensa imekufa, anataka elfu arobaini aiondoe kabisa.

REHEMA: Aiondoe? Hapana, usimruhusu! Ile sensa ni kile kijiti cha chuma kinachochungulia pembeni ya moto. Kikipata joto, kinashikilia njia ya gesi iwe wazi. Moto ukizimika kwa upepo au mchuzi ukifurika, kinapoa, na gesi inajifunga yenyewe. Ukikiondoa, moto ukizimika gesi inaendelea kutoka na wewe uko sebuleni unaangalia mpira. Wewe uliibonyeza swichi kwa muda gani?

HAMISI: Kidogo tu. Nikaona moto, nikaachia.

REHEMA: Basi hakuna kilichokufa. Endelea kubonyeza sekunde 10 mpaka 15 baada ya moto kuwaka, kijiti kipate joto. Ukifanya hivyo bado unazima, hapo kijiti kimepata masizi au kimehama mahali pake, aje fundi akisafishe au akibadilishe.

HAMISI: Elfu arobaini yangu imepona. Sasa ile gesi iliyonilipukia, ilikuwa imejificha wapi? Mbona sikuisikia harufu?

REHEMA: Ulikuwa umesimama, nayo ilikuwa miguuni. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Inatambaa chini, inajaa kwenye oveni, kwenye kabati la sinki. Wale waliounganishwa na bomba la gesi asilia, ile ya Songosongo na Mtwara, yao ni methani, nyepesi, inapanda juu. Kwa hiyo wa mtungi, ukisikia harufu usitosheke na kadirisha kalikoko juu ya friji. Fungua mlango wa uani, ule unaofika sakafuni. Funga mtungi. Na swichi ya taa usiiguse, wala ya feni, si kuwasha wala kuzima, kwa sababu cheche ni cheche. Toa watu nje, piga Zimamoto, 114, ukiwa nje.

HAMISI: Ile harufu ya yai viza, kumbe si ya gesi yenyewe.

REHEMA: Gesi yenyewe hainuki. Harufu inatiwa makusudi ili pua ikuamshe. Na ukishuku mpira wa gesi au reguleta, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Sitaki kusikia habari ya kupima kwa kiberiti.

HAMISI: Mjomba wangu anapima kwa kiberiti.

REHEMA: Mjomba wako ana nyusi?

HAMISI: Tuendelee. Keki nilioka hatimaye, kwenye oveni ya gesi ya jirani. Chini nyeusi, juu nyeupe kama uso wa mgonjwa.

REHEMA: Kwa sababu moto wa oveni ya gesi uko chini tu. Bibi zetu walilijua hili kabla ya oveni. Mkate wa kumimina unapikwaje?

HAMISI: Makaa chini, makaa juu ya kifuniko.

REHEMA: Umeona? Kuupalia moto. Sasa kwenye jiko lako makaa ya juu ni grili. Majiko mengi swichi ni moja, upande huu oveni, upande ule grili, haviwaki pamoja. Washa ya chini dakika 10 mpaka 15 ipate joto, weka trei katikati, isigusane na sakafu. Ikishaiva, zima, hamia grili dakika mbili tatu, na usiondoke hapo. Mkate wa kumimina unatoka na rangi ile ya Unguja kabisa. Mimi naweka vyungu viwili kwa mpigo, na viazi vitamu vinafuatia joto lile lile. Kuwasha oveni kwa keki moja ndogo ni kuitupa gesi.

HAMISI: Na kile kifuniko cha kioo cha juu?

REHEMA: Kiinue kabla ya kuwasha oveni, maana hewa ya moto inatokea nyuma pale. Na usikifunge matundu yakiwa bado ya moto, kinapasuka vipande vipande. Kitambaa cha maua juu yake, sisemi.

HAMISI: Umeshasema. Haya, huku juu. Gesi inaisha kama maji.

REHEMA: Moto wako unapanda kandoni mwa sufuria?

HAMISI: Ndiyo, ili iive haraka.

REHEMA: Unawapasha joto mende. Moto usizidi kitako cha sufuria. Na ikishachemka, punguza. Maji ya Dar yanachemkia nyuzi 100, uyatukutishe usiyatukutishe, hayapandi zaidi. Maharage loweka usiku, funika. Rangi ya moto iwe bluu. Ukiona njano na masizi kitakoni, tundu limeziba uchafu, lisugue kwa brashi.

HAMISI: Mama mkwe yuko Mbeya, analalamika maharage hayaivi.

REHEMA: Yuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji yake yanachemka hata nyuzi 95 hayafiki. Mnunulie sufuria ya presha, itamwokolea gesi kuliko ushauri wangu. Na mwambie mwezi wa sita, baridi ikimzidi, oveni si ya kuota moto na madirisha yamefungwa. Hewa ile inaua kimyakimya kama ya jiko la mkaa.

HAMISI: La mwisho, mtungi. Nahisi huwa napunjwa.

REHEMA: Mwambie muuzaji aweke kwenye mizani, anatakiwa kuwa nayo. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ukisoma kilo 14.5, basi mtungi wa gesi ya kilo 15 ukijaa mizani isome 29.5. Na bodaboda asiulaze, usimame.

HAMISI: Nimeelewa yote. Ila dada, sufuria sasa nitaziweka wapi?

REHEMA: Kulikuwa na sufuria ngapi humo?

HAMISI: Kumi na moja.

REHEMA: Na nyumbani mko wangapi?

HAMISI: Wawili.

REHEMA: Tutaonana wiki ijayo, jamani.